Imperiali stauti moja, alama mbili tofauti usiku uleule. Niandike ipi?

Jongoo wa Usiku

Wakuu habari zenu. Mimi ni mtu wa laga miaka yote, stauti, hizi bia nyeusi nzito, nimeanza juzi juzi tu, na nina kadaftari kangu ambako kila bia mpya nayoonja naiandika na kuipa alama kati ya 5. Sasa juzi nimefungua imperiali stauti (ile stauti kali yenye kilevi kingi) yangu ya kwanza maishani, chupa ndogo ya mililita 330, kilevi asilimia 11.5, jina la bia sitaji maana najua tutaacha swali tuanze kubishana kuhusu kiwanda.

Nimeitoa friji nikamimina hapohapo kwenye glasi ndefu ya kawaida. Nyeusi tii, yani kama oili chafu, nimeinyanyua kwenye taa mwanga haupiti hata pembeni. Povu la kahawia likaja zuri tu ila halikukaa, dakika mbili limebaki kamstari kwenye ukingo. Harufu nikanusa nikanusa, labda kahawa kwa mbaali. Funda la kwanza chungu, la pili majivu, la tatu koo linawaka kama nimemeza wiski. Nikaandika 2.5 na pembeni nikaandika "sio yangu hii".

Basi nikapigiwa simu nikaongea kama dakika arobaini hivi, kurudi glasi bado ina nusu, nikasema nimalizie tu nisimwage hela. Aisee. Sio bia ileile. Kuna chokoleti nyeusi, kuna tende, kuna zabibu kavu, yale majivu yamegeuka kahawa nzito iliyokaangwa, na ule moto wa kooni umekua joto fulani zuri la kifuani. Nimemaliza nalamba ukingo wa glasi. Nikaandika 4.25.

Sasa daftari langu lina bia moja yenye alama mbili usiku mmoja. Niandike ipi? Na ni bia ndio imebadilika au ni mimi? Halafu hawa watu wanaoandika eti wamepata "ngozi, tumbaku na kuni zilizozimwa" wanazipata kweli au wanatunga? Nawasilisha.

Bi Kizibo

Mleta mada ulikua umelewa 😂😂

Sikutanii sana, piga hesabu. 330 mara 11.5% ni karibu mililita 38 za kilevi kitupu. Chupa ya laga ya nusu lita yenye 5% ina 25. Kachupa kako kadogo ni sawa na laga moja na nusu, na ulikunywa nusu yake haraka haraka ukiwa unashangaa, ukaenda kwenye simu kilevi kikapanda taratibu, umerudi una furaha. Hapo hata maji ungeyapa 4.

Mzee wa Mapipa

Bi Kizibo ana nusu ya ukweli, nusu nyingine ni friji.

Kijana wangu, friji la nyumbani liko kwenye nyuzi 4 hivi. Laga inapenda hapo. Stauti nzito ya namna hiyo inataka nyuzi 10 mpaka 14, wengine tunaiacha ifike hata zaidi kidogo. Bia ikiwa ya baridi sana vile vitu vinavyobeba harufu havipandi juu, vimelala mle ndani, ndio maana ulinusa ukaambulia kahawa ya mbali. Na ulimi ukipoa hausikii utamu sawasawa lakini uchungu unausikia vizuri tu, sasa fikiria bia ambayo imetengenezwa kwa kuupima uchungu mwingi dhidi ya utamu mwingi, wewe umeondoa upande mmoja wa mizani. Lazima uonje majivu. Zile dakika arobaini za simu ndio zilikua huduma bora uliyoipa bia hiyo, bila kujua. Pia gesi ilipungua, ile michomo ya gesi kwenye ulimi ikatulia, ndio ukasikia uzito wake.

Siku nyingine itoe friji nusu saa kabla. Glasi ndefu achana nayo, tafuta yenye tumbo pana na mdomo uliojibana, hata ya mvinyo inafaa, na usijaze. Mimina theluthi tu, izungushe, nusa mara fupi fupi, maana pua inachoka haraka ukiivuta harufu moja kwa moja. Ukishameza toa pumzi kwa pua mdomo umefunga. Hapo ndipo utakutana na hiyo tumbaku unayowacheka watu.

Funda Tatu

Mimi napingana na wazee wote humu. Alama ni 2.5.

Sababu yangu ni kwamba funda la kwanza ndio funda pekee ulilokunywa ukiwa na akili zako timamu na ulimi msafi. Baada ya hapo ulimi umeshapakwa kimea na hopsi (yale maua yanayotia bia uchungu), kilevi kimeingia, na zaidi ya yote umeshazoea, binadamu anazoea kila kitu. Ndio maana ukiangalia orodha za bia bora kule Untappd, ile app ambako watu wanazipa bia alama, juu kumejaa imperiali stauti tupu, hizo zilizolala kwenye mapipa ya wiski, asilimia 12, 13, 14. Laga safi kabisa isiyo na doa ambayo ni ngumu zaidi kutengeneza maana haina pa kuficha kosa inapewa 3.4 na watu wanapita. Mtu anakunywa kitu kizito, adimu, kilichomgharimu, halafu aandike alama ndogo? Hawezi, moyo unauma. Alama za bia hizi zimevimba, na mleta mada nusu saa ya pili alikua anavimbisha tu.

Mzee wa Mapipa

@Funda Tatu kwenye kuvimba kwa alama sina ubishi na wewe. Ila kumpimia mtu bia kwenye nyuzi 4 ni sawa na kusikiliza muziki spika imefunikwa blanketi halafu unasema mwimbaji hana sauti.

Hamira na Kimea

Natengeneza bia nyumbani miaka kadhaa na nimesomea kidogo mambo ya kuhukumu, ngoja niingize mguu.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Kuna alama ya "nimeipenda kiasi gani" na kuna alama ya "imetengenezwa vizuri kiasi gani kwa aina yake". Ya kwanza ni yako, andika unachotaka, hata ukiandika 2.5 hakuna wa kukushtaki. Ya pili ina utaratibu. Majaji wa bia wanaofuata BJCP, ule mpango wa Marekani wa kuwapima majaji, wanatumia fomu ya alama 50: ladha 20, harufu 12, mvuto wa jumla 10, uzito na hisia ya mdomoni 5, muonekano 3. Angalia hapo. Ule weusi na povu uliotumia mistari mitatu kuelezea ni alama 3 tu kati ya 50! Na harufu ambayo wewe uliikosa kabisa kwenye raundi ya kwanza ni 12. Yani ulianza mtihani ukiwa umeruka karibu robo ya maswali.

Na kwa aina hii wanategemea kilevi kati ya 8 na 12%, uchungu wa IBU (kipimo cha uchungu wa bia) 50 mpaka 90, na sukari inayobaki baada ya hamira kumaliza kazi ni nyingi, ndio maana inakaa mdomoni kama sharubati. Kwa hiyo ukisema "chungu sana, nzito sana, inapasha koo" hujataja kosa, umetaja bia yenyewe. Povu kupotea mapema nalo sio kosa kubwa kwenye asilimia 11, kilevi kingi kinaua povu.

Ila hoja yako ya koo kuwaka ni nzuri na watu wameipita. Joto na moto ni vitu viwili. Joto linashuka kifuani taratibu, linatakiwa liwepo. Moto unachoma kwenye ulimi na kwenye pua, unanukia kama spiriti au kiondoa rangi ya kucha, huo ni wa hamira iliyofanyishwa kazi kwenye joto kali au imechoshwa, unatoa vilevi vizito vingine. Huo haupungui kwa kungoja simu iishe, bia ikipata joto ndio kwanza unazidi kutoka. Wewe umesema uligeuka ukawa joto zuri, basi bia yako ilikua salama, ulichokisikia mwanzo ni kilevi kikiwa peke yake bila utamu wa kukipokea.

Majivu nayo yana asili yake. Weusi wa stauti unatoka kwenye shayiri iliyokaangwa na kimea cheusi, kile ambacho kilianza baada ya Daniel Wheeler kupata hataza ya pipa lake la kukaangia mwaka 1817, kabla ya hapo bia nyeusi za London zilikua za kahawia tu ukweli. Ukizidisha nafaka hizo, hasa zenye maganda, unapata ukali wa mkaa uliolowana. Ukiweka kiasi unapata kahawa na chokoleti. Watengenezaji wengine wanatumia kimea cheusi kilichoondolewa ganda ili wapate rangi bila ule ukali. Mimi batch yangu ya kwanza niliweka shayiri ya kukaanga kwa hasira, nikaishia na lita 20 za maji ya jivu. Nilikunywa zote kwa aibu.

Bi Kizibo

"kwa aibu" 😂😂😂 pole kaka

Swali la pembeni, hii imperiali inahusiana na wafalme kweli au ni mbwembwe za lebo? Niliwahi kusikia waliongeza kilevi ili isigande baharini ikipelekwa Urusi.

Hamira na Kimea

Ya wafalme ni kweli dada. Ilikua ikipikwa London, Southwark, kwenye kiwanda cha Thrale ambacho baadaye kilikua Barclay Perkins, ikasafirishwa kupitia Baltiki mpaka Urusi, na kuna mchoraji mmoja Joseph Farington aliandika kwenye shajara yake mwaka 1796 kuhusu pota (bia nyeusi ya London, mzazi wa stauti) iliyokua inatengenezwa maalumu kwa malikia wa Urusi, ndio Catherine huyo. Bia ya ukoo huohuo iliendelea kutoka kwa jina la Courage mpaka 1993 ikasimama.

Ya kuganda ndio sina imani nayo. Pota za nguvu ya kawaida nazo zilivuka bahari, zikafika mpaka India, na Waingereza wenyewe walikua wanakunywa stauti kali kwao bila kwenda Urusi popote. Wateja wa kule walipenda kali, na kali inatunzika muda mrefu, mimi sihitaji barafu kwenye hadithi hiyo.

Jongoo wa Usiku

Wakuu nimewasoma wote mpaka @Funda Tatu ambaye kanipa stresi. Kumbe nilikua natoa alama kwa friji.

Niongeze moja kabla sijarudia jaribio. Mshkaji wangu alinipa chupa nyingine tofauti, stauti nzito ya 9%, anasema kaitunza miaka mitatu kabatini kama mvinyo, eti inazidi kuwa tamu. Nimeionja (safari hii ya joto la chumba, nimejifunza) ina kitu kama sosi ya soya na karatasi ya boksi. Ndio "utu uzima" wenyewe huo au imekufa?

Mzee wa Mapipa

Imekufa mwanangu, tuizike.

Kuhifadhi stauti kali sio kosa, kuna zinazopendeza. Hewa kidogo inayoingia polepole inaleta ladha za zabibu kavu, tende, kitu kama mvinyo mtamu wa port, na uchungu wa hopsi unashuka, makali ya kilevi yanatulia. Lakini hewa hiyohiyo ikizidi inaleta boksi. Na ile soya mara nyingi ni seli za hamira zilizokufa chini ya chupa, zikipasuka zinamwaga vitu vyake kwenye bia, ndio unapata ule mchuzi. Nina uhakika hilo kabati lilikua la jikoni. Joto ndio adui namba moja, bia iliyokaa miezi michache kwenye joto inazeeka kuliko ya miaka kwenye ubaridi. Kuihifadhi unataka pabaridi, gizani, chupa imesimama wima, sio kulazwa kama mvinyo maana haina kizibo cha koki cha kulowesha.

Na zile zenye kahawa ndani msizitunze jamani. Ladha ya kahawa mpya inapotea kwanza halafu inabaki kitu kinanukia pilipili hoho. Kunywa mapema.

Hamira na Kimea

Nakazia ya pilipili hoho, ukishaisikia mara moja huwezi kuacha kuisikia.

Na hapo @Jongoo umejibu swali lako mwenyewe la wanaotunga. Umeandika "sosi ya soya na karatasi ya boksi" bila mtu kukufundisha. Huo ndio msamiati wenyewe. Mtu haoni ngozi kwenye glasi, anapata harufu fulani na ubongo unatafuta ilipowahi kuisikia. Ila ni kweli pia kuna wanaosoma lebo kwanza, imeandikwa vanila na nazi, na wao wanapata vanila na nazi. Wakati mwingine vipo kweli, kama bia imelala kwenye pipa la mwaloni, mti wenyewe unatoa vanila na harufu ya nazi bila kuwekwa tunda lolote. Ya mapipa ya bourbon ni nyingi sana kwasababu sheria ya Marekani inataka bourbon iwekwe kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani, likishatumika hawaruhusiwi kuliwekea bourbon tena, basi mapipa yanabaki na watengeneza bia wanayachukua. Andika kwanza kwenye daftari, ndio usome lebo.

Funda Tatu

Sasa mkuu fanya hivi tumalize ubishi. Chupa ya pili, nyuzi 12, glasi sahihi, mgawane na mtu ili kilevi kisiingie kwenye hesabu, kila mmoja aandike yake kimya kimya bila kuangaliana. Alama uitoe kwenye funda la tatu, hilo ndio jina langu na ndio imani yangu. La kwanza linashtua, la pili linarekebisha, la tatu linasema. Maji katikati. Ukipata 4.25 nafuta maneno yangu.

Bi Kizibo

Kumbe na wewe juu ulisema funda la kwanza ndio la kweli, leo imekua la tatu 👀

Funda Tatu

Dada acha uchochezi.

Jongoo wa Usiku

Nimerudi na ripoti wakuu, jana usiku.

Chupa ya pili, bia ileile, tarehe ileile ya kutengenezwa nimehakikisha. Dakika 35 nje ya friji, kipimajoto cha jikoni kikasoma nyuzi 13. Glasi ya mvinyo mbili, mimi na mke wangu, kila mtu kidogo na nyingine ikabaki kwenye chupa. Kila mtu na karatasi yake, yeye kakaa upande wa pili wa meza kafunika kwa mkono kama mtihani wa darasa la saba.

Harufu safari hii ilikuwepo tangu naikaribisha puani, chokoleti nyeusi mbele, molasi, halafu nikatoa pumzi kwa pua kama Mzee alivyosema, na wallahi kuna tumbaku, ile ambayo haijawashwa. Naomba radhi kwa wote niliowacheka. Mdomoni nzito, inateleza, uchungu unakuja mwishoni ndio unausafisha ule utamu, bila huo ingekua sharubati. Majivu yapo bado kidogo, nadhani shayiri ya kukaanga wameminya kwa mkono mzito, na kilevi kinajitokeza kidogo kuliko ninavyotaka. Funda la tatu nikaandika 3.75. Nikaendelea kunywa, mwisho wa glasi nikatamani kupandisha iwe 4, nikaacha kalamu mezani nikaenda kuosha mikono ili nisiiguse.

Kwa hiyo 2.5 ilikua ya friji, 4.25 ilikua ya nusu chupa ya kilevi, na hii 3.75 ndio naiandika kwenye daftari, zile mbili nimezipiga mstari ila sijazifuta.

Mke wangu kaandika 2. Maelezo yake ni mstari mmoja: "kahawa ya jana iliyomwagikiwa dawa ya kikohozi." Halafu kamalizia ya kwangu iliyobaki.

Mzee wa Mapipa

3.75 kwa bia ya kwanza ni alama ya mtu mzima, hongera. Kwa yale majivu tafuta ambayo wameweka oti nyingi ndani, zinalainisha sana. Au Old Rasputin, imperiali stauti ya Marekani ya 9%, ukiipata mpya, ni chungu ila imekaa sawa, itakupa kitu cha kulinganisha.

Bi Kizibo

Huyo mke apewe akaunti humu. Mpaka sasa ndio mwenye maelezo bora kwenye uzi mzima.

Hamira na Kimea

Dawa ya kikohozi kwenye stauti sio tusi jamani, ni ukali wa kilevi ukichanganyika na ladha ya urukususu, ule mzizi mtamu wa dawa, inatokea sana. Ana pua nzuri kuliko wewe. Mwambie aonje na ile ya sosi ya soya, ila usimwambie chochote, umletee karatasi tu.

Jongoo wa Usiku

Ile ya soya nimeshaimwaga kwenye sinki mkuu, na sinki limenukia mchuzi mpaka asubuhi.